Nyasi Si Nyasi Tu

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Msomaji mpendwa, hebu tuyapime maneno hayo kwa kitu ambacho wengi wetu hukikanyaga kila asubuhi tukija shuleni, yaani nyasi.

Wapo wanaosema ati nyasi ni nyasi tu, ng'ombe hachagui. Si kweli. Wazee wa Ukambani hutofautisha mbeetwa, nguu na ndata kivumbu. Hata ndata kivumbu yenyewe si moja. Ipo ndefu na ipo fupi, ipo yenye majani mengi na ipo inayowahi kutoa mbegu. Katika kituo cha utafiti cha Kiboko, Makueni, watafiti wamekusanya nyasi hizi kutoka sehemu mbalimbali za Kenya na kuzilinganisha ili wachague zilizo bora. Kazi hiyo naiunga mkono. Ninachopinga ni kuchagua moja na kuzitupa nyingine.

Sababu ni hii. Ndata kivumbu ina tabia ya ajabu. Kwa kawaida kiini cha mbegu yake hukua bila kurutubishwa, hivyo mtoto hufanana na mama kabisa. Ukichuma mbegu za shina moja ukapanda ekari kumi, umepanda shina lile lile. Faida yake ni kwamba sifa nzuri haipotei. Lakini ugonjwa ukilishinda shina moja, umeyashinda yote.

Hayo si maneno ya kutishana. Katika miaka ya 1940, mbegu za nyasi hii zilizotoka Turkana zilienezwa Texas, Marekani. Aina hiyo moja ikapandwa kwenye mashamba makubwa mno, hadi Meksiko. Mnamo 1996 ugonjwa wa ukungu unaokausha majani ulionekana huko, na aina hiyo ikashambuliwa vibaya. Wenyewe wakaanza kutafuta aina nyingine zenye kinga.

Sasa turudi nyumbani. Kitui na Makueni wapo wakulima wanaopanda nyasi na kuuza mbegu, na biashara hiyo ni nzuri. Lakini malisho ya asili yanazidi kuharibiwa na mifugo kupita kiasi na uchomaji makaa. Aina ikitoweka kilimani, ni duka gani litakalotuuzia? Kiangazi kikikaza, ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa bei ya kutupa, na karo ya wengi wetu humtegemea ng'ombe huyo huyo.

Kwa maoni yangu, anayechuma mbegu asichume shina moja wala bonde moja, na aandike zilikotoka. Anayechagua asitazame urefu wakati wa mvua pekee. Atazame pia ile inayochipuka tena baada ya ukame. Kila boma nalo libakishe kipande cha nyasi za asili. Sisi wanafunzi tunaweza kuanza na vitalu vichache tu nyuma ya madarasa.

Akiba haiozi. Akiba ya mfugaji ni mbegu za aina nyingi.