Midomo Miwili ya Benzi

Mwezi huu nina kesi ya ekzosi. Ndiyo, ekzosi, bomba la moshi la gari. Usikimbilie kwanza kurasa za mitindo, maana kesi hii nusura iniponze mimi na wanangu, na chanzo chake ni ulimi wangu mwenyewe.

Basi bwana, nyumbani kwetu kuna Benzi. Usinionee wivu, ni la mwaka 2001. Ni E 240, lile umbo la taa nne za mviringo ambalo watu wa magari wanaliita W210, lililotengenezwa kuanzia 1995 mpaka 2002. Tulirithi kwa marehemu baba mkwe. Mzee alikuwa mtu wa suti ya kijivu na viatu vilivyopigwa kiwi, na gari lake lilifanana naye: jeusi, tulivu, halina mbwembwe. Hata bomba la moshi hulioni. Limejificha chini ya bampa, limeinamisha kichwa kama bibi harusi wa Kipwani. Bomba likiinama vile, masizi hayachafui bampa, na gari kwa nyuma linabaki safi. Kizuri chajiuza, mzee alipenda kusema.

Sasa baba watoto ana miaka 38 na hataki kuonekana dereva wa mzee. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinionyesha picha kwenye simu: midomo miwili ya ekzosi, ya mviringo, inang'aa kama kioo. "Mama watoto, hebu ona. E 55 AMG ilitoka na midomo kama hii kiwandani."

Siku hiyo mashosti walikuwa wamejaa sebuleni. Nami nikajifanya mtaalamu. "Hiyo AMG ina nguvu za farasi 354, lako lina 170. Hivi unataka kumdanganya nani?" Tukacheka mpaka machozi. Nikamalizia na ile methali ya nguo ya kuazima. Naye akacheka kidogo, akarudisha simu mfukoni. Hakunionyesha tena picha yoyote. Nikajua yamekwisha.

Kumbe!

Wiki mbili baadaye nikaona mwenzangu ana staili mpya ya kuegesha. Anaingia kinyumenyume, mkia wa gari unagusa ukuta. Nilipouliza, akasema ni rahisi kutoka asubuhi. Nami nikaamini, tena nikamsifu.

Jumamosi tukaondoka alfajiri kwenda Bagamoyo kufagia kaburi la mzee. Mbele mimi na yeye, nyuma mama mkwe na watoto wawili. Vioo vimefungwa, AC inapuliza. Tulipopita Tegeta nikaanza kusikia harufu ya moshi, nikalaumu lori lililokuwa mbele yetu. Lori likakata kona, harufu ikabaki. Mkubwa akasema, "Mama, kichwa kinauma." Bibi yake akasema ni njaa. Mdogo alikuwa amelala fofofo, na yule mtoto huwa halali safarini hata umbembeleze.

Hapo moyo ukanidunda. "Simamisha gari."

Tulisimama Bunju. Tukateremka wote, milango ikaachwa wazi. Nilimbeba mdogo, akafumbua macho na kuanza kulia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Tukawapitisha zahanati, wakaangaliwa, wakaonekana wazima. Tuliporudi garini ndipo nikazunguka nyuma. Midomo miwili ya mviringo inang'aa, na juu yake bampa limebadilika rangi na kuanza kujikunja kwa joto.

Mpenzi msomaji, ngoja nikueleze kilichotokea, maana wapo wengi barabarani na hatari ileile. Kwa kuwa alifanya kwa siri, alipeleka gari wakati wa chakula cha mchana, kwa fundi wa kwanza aliyemwona, mwenye bei ya haraka. Fundi akakata ile sehemu ya bomba iliyoinama, akachomeka mdomo uliozidi bomba kwa upana, akaushika kwa nukta mbili za welda. Pakabaki uwazi unaopitisha moshi. Tena mdomo wenyewe ulikuwa mfupi, uliishia ndani ya ukingo wa bampa, kwa hiyo moshi ukawa unagonga plastiki na kurudi chini ya gari. Raba ya mlango wa buti nayo ni ya zaidi ya miaka 20, imekauka. Moshi ukapata njia ya kuingia ndani.

Na moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unasinzia, na ukizidi kusinzia huamki. Ile harufu tuliyoisikia ilitokana na uchafu mwingine ulio ndani ya moshi. Ilikuwa kengele yetu, na tulikuwa na bahati kuisikia.

Mimi, mama na watoto tukaendelea kwa daladala. Yeye akarudi mjini polepole, vioo vyote chini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia usiku, tena makali. Mama mkwe alinitazama, akajua. Akasema, "Mwanangu, unajua ile redio ya kwenye gari? Mzee aliifunga bila kuniambia. Alisema ameikuta. Nilikuwa nimemcheka kwamba ana masikio ya kijana." Kisha akanyamaza, akaangalia dirishani.

Usiku, watoto wamelala, nikauliza swali moja tu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akajibu. "Ulicheka. Na mashosti zako wakacheka."

Yale maneno makali yote yakaniishia mdomoni. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Tangu mzee afariki, kila akiingia kwenye lile gari anajiona mgeni. Kiti cha baba, harufu ya baba, hata majirani wanaliita gari la marehemu. Alitaka kitu kimoja tu chake, kidogo, ambacho akikiona aseme hili sasa ni langu. Hakuwa na habari na AMG wala farasi 354. Mimi nilimsikia akiomba sifa, kumbe alikuwa anaomba ruhusa ya kumrithi baba yake.

Sikumsamehe siri usiku ule, na nilimwambia wazi. Watoto walikuwa nyuma. Lakini nilimwomba msamaha kwa kicheko, na tukakubaliana kwamba midomo itabaki ila itafungwa upya, tukiwa wote wawili.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Gerezani kwa fundi wa ekzosi mwenye subira. Alinikaribisha kwa "shemeji, simama mbali na cheche," lakini kila hatua alinieleza. Kwanza alichomoa betri, maana umeme wa welda unaweza kuharibu kompyuta ya gari. Akapima unene wa bomba kwa nje, ndipo akachagua midomo inayovaa pale bila kulegea. Alitupa ile ya chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, akasema kwa chumvi ya hewa ya Dar itabanduka na kushika kutu. Tukachukua ya stenlesi. Akachomelea mzunguko mzima, akafunga raba mpya za kuning'inizia bomba, akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya midomo na bampa, kwa sababu ekzosi hucheza gari linapotembea. Safari hii midomo ilichungulia nje kidogo ya bampa, moshi uende zake nyuma. Kabla injini haijapata joto akapaka maji ya sabuni kwenye viungo, akawasha gari. Hakuna povu lililofura. Mwisho akabadilisha raba ya buti.

Kijana mmoja pale gereji akashauri tuondoe sailensa na masega ili gari ligune kiume. Mume wangu akamjibu kabla yangu. "Hapana. Mzee hakuwa mtu wa kelele." Nikamtazama. Kumbe alijua kabisa anachobadilisha na anachokiacha. Na vizuri alikataa, maana masega ndiyo yanayopunguza sumu kwenye moshi, na yana madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Yakishatolewa kwako, usitegemee kuyaona tena.

Tulilipa shilingi 260,000, na nusu ilitoka kwenye pochi yangu. Gari halikuongeza spidi hata kidogo, na fundi alisema hivyo kabla hajapokea hela. Ni urembo tu, kama hereni. Lakini siku hizi mwenzangu anaegesha mbele mbele, mkia unatazama barabara, na Jumapili anaifuta midomo yake kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Wiki iliyopita jirani alisema, "Gari la marehemu limependeza." Akajibu, "La kwangu hilo, jirani."

Shosti yangu, najua unaye mmoja nyumbani. Huenda wa kwako anataka rimu, au spika, au kufuga njiwa. Na wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo kwa kuibia, mkeo naye ana kitu unachokichekea. Si lazima ukikubali. Pesa ni yenu wote, kama haipo, sema haipo. Kama ni hatari, sema ni hatari. Ila uliza kwanza kwa nini anakitaka, na uulize mkiwa wawili. Ukimcheka mwenzako mbele za watu hataacha kukipenda. Atajifunza kukificha, na cha kujificha hufanywa haraka haraka, kwa fundi wa bei rahisi.

Tukutane mwezi ujao. Na ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, zima AC, shusha vioo, simama. Usilaumu lori la mbele.