Bei ya Kuhama

Yapo maneno matatu ambayo nikiyaona hunichoma kuliko tusi: bei ya kuhama. Ndugu msomaji, bila shaka nawe umepata kuyaona. Huandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi, kikaegeshwa kwenye kitanda kilichotolewa nje, kando ya jiko, ndoo mbili, meza na pengine cherehani. Mpita njia akiyasoma hupunguza mwendo. Anajua kwamba mwenye vitu hivyo amebakiwa na siku mbili au tatu, na kwamba hata akimtajia bei ya dharau, mwisho atakubali.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba sisi wazee husimama pembeni tukisifu. "Amefanya akili," twasema. "Usafiri ni ghali. Heri auze vyote, akifika huko atanunua vingine." Ushauri huo nimeusikia miaka mingi. Nimeufuata, na mimi mwenyewe nimewapa wengine. Leo nataka kuupinga. Nasema kwamba anayehama haibiwi na lori, huibiwa na haraka. Na haraka hiyo aghalabu si yake. Ametiwa na watu wengine, nami nimepata kuwa mmoja wao.

Mwaka 1996 nilipokea barua ya uhamisho kutoka Morogoro kwenda Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Barua ilinitaka niripoti katika muda wa wiki mbili. Fedha za uhamisho, nikaambiwa, zitanifuata. Tulikuwa na watoto watatu, kitanda cha mninga, makochi, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu ambayo mke wangu aliinunua kwa fedha za vitumbua, akiziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Kwa cherehani hiyo alishona sare za watoto wa mtaa mzima, na mara nyingi mwezi ulipofika tarehe ishirini ni yeye aliyekuwa akitulisha, si mshahara wangu.

Nilikwenda stesheni kuuliza gharama ya mizigo mpaka Mpanda. Nikaiona kubwa. Nilirudi nyumbani na hesabu kichwani, wala si katika daftari, nikaamua: makochi yauzwe, kitanda kiuzwe, na cherehani iuzwe, maana ni chuma na chuma ni kizito. Mke wangu alisema neno moja tu: "Baba watoto, chuma hicho ndicho kinachotulisha." Nikamjibu kwamba tukifika tutanunua nyingine.

Tuliiuza kwa shilingi 25,000. Kuisafirisha kungenigharimu shilingi 6,000. Tulipofika Mpanda nikakuta cherehani ya namna ile ile, tena kuukuu kuliko yetu, ikiuzwa shilingi 70,000, na muuzaji wake hakuwa na haraka hata kidogo. Ndipo nilipoelewa. Karibu kila kitu cha dukani pale kilikuwa kimesafiri njia ile ile niliyosafiri mimi, kupitia Tabora na Kaliua, na mwenye duka alikwisha kuweka juu yake nauli na faida. Mimi niliyekataa kulipa nauli ya cherehani yangu, sasa nilitakiwa kulipa nauli ya cherehani ya mtu mwingine, na faida yake juu.

Fedha za uhamisho zilikuja baada ya miezi kumi na minne. Cherehani nyingine tuliipata mwaka wa tatu. Katikati hapo mke wangu alishona viraka kwa sindano ya mkono, na tarehe ishirini ilipofika tulikopa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea nikiwa najipongeza kwamba nimebana matumizi.

Nawasikia wenye kunipinga. Watasema, "Mzee, wewe ulikuwa na reli. Kijana wa leo akodi Fuso zima kwa ajili ya godoro moja?" Swali ni la haki, nami sikusema abebe kila kitu. Nasema atenge mafungu matatu. La kwanza ni vitu vinavyomlisha: cherehani ya fundi nguo, randa na misumeno ya seremala, vitabu vya mwalimu, sufuria kubwa la mama lishe. Hivyo haviuzwi, hata kama itabidi avipakate mapajani. La pili ni vitu vinavyomlaza na kumpikia: godoro, blanketi, jiko, sufuria mbili, ndoo, beseni. Kimoja kimoja huonekana si kitu, lakini vinunue vyote kwa pamoja katika juma la kwanza la ugenini, utaona mshahara unavyokwisha kabla hujaufahamu mtaa. La tatu ni vitu vinavyopamba: makochi, kabati la vyombo, meza ya kioo. Hivyo na viuzwe, lakini viuzwe taratibu. Mwachie ndugu au jirani mwaminifu, avitafutie mnunuzi kwa mwezi mzima, kisha akutumie fedha kwa simu.

Na usafiri wenyewe una nafuu kwa mwenye subira. Mkoa wetu ni wa mahindi na mpunga. Malori huja kuchukua nafaka, na lori linalokuja likiwa na nafasi humpakilia mtu kitanda na magunia yake mawili kwa bei iliyo ndogo kuliko ya kukodi gari zima. Lakini lori la namna hiyo halipatikani kesho alfajiri. Lahitaji kuulizwa, kungojewa, dereva kufahamika. Kwa mtu aliyeambiwa aripoti Jumatatu, nafuu hiyo ni kama haipo. Kila nafuu ya kuhama huuzwa kwa siku, na mwenye haraka hana siku za kununulia.

Hapa Mpanda hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili, maana mji wetu umejengwa na watu waliohama. Reli kutoka Kaliua ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na watu wakaifuata kazi. Mgodi ulifungwa, watu wakabaki pamoja na reli. Kisha wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Msukuma hakuuza kundi lake Shinyanga kwa bei ya kuhama ili akanunue jingine huku. Alilitembeza, likila njiani, hata kama safari ilichukua wiki nyingi. Yeye alijua ni kipi kinachomlisha.

Lakini wapo pia waliohamishwa kwa haraka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Sishindani hapa na shabaha ya Ujamaa. Vijiji vile vilituletea shule na zahanati. Nazungumzia mwendo tu. Sehemu nyingi za nchi watu walipakiwa katika malori wakiacha ghala, miembe na migomba, na kwingine nyumba zilichomwa moto ili mtu asirudi nyuma. Hasara ile haikutokana na umbali, maana wengi hawakuhamishwa mbali. Ilitokana na kunyimwa muda wa kuvuna kwanza.

Tulinganishe na wageni wetu wa Katumba. Walikimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wengi wao wakiwa na kile tu walichoweza kubeba. Hapana haraka inayozidi ya mtu anayekimbiza roho yake. Serikali yetu, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, iliwapa nini? Iliwapa ardhi, majembe na mbegu, na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Hakuna aliyewadai kodi ya ardhi ya miezi sita kabla ya kuinua jembe. Waliopewa muda wakafyeka msitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 wengi wao walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Nakumbuka jambo hilo kila ninaposikia kwamba mgeni ni mzigo. Mgeni aliyepewa msimu mmoja wa kupumua si mzigo wa mtu.

Sasa nikiri langu.

Mwaka 2012 Katavi ilipokuwa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu. Zikaja ofisi, wakaja watumishi, na kila mwenye kiwanja akajenga vyumba vya kupangisha. Nami nilijenga viwili kwa kiinua mgongo changu. Sikuwa mbaya kuliko wenzangu: nilidai kodi ya miezi sita, wakati wengine walidai ya mwaka. Nilijiona mtu wa huruma.

Miaka michache iliyopita dalali aliniletea binti mmoja, muuguzi, aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya. Alikuwa na begi moja na ndoo ya nguo. Kodi yangu ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Akanihesabia 360,000, na dalali akachukua 60,000 zake, yaani kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kutembea mitaa miwili. Nilimuuliza kwa uzuri mizigo yake itafika lini. Akanijibu, "Shikamoo baba, sina mizigo. Nimeuza kila kitu ili nipate kodi. Kitanda, friji, jiko la gesi, vyote vimenipa 380,000. Kodi yenyewe nimeambiwa hapa ni miezi sita."

Usiku ule alikuja kuazima sufuria. Mke wangu alimfuata na kibatari, maana umeme ulikuwa umekatika, akamkuta ametandika kanga juu ya sakafu. Aliporudi alichukua godoro la wajukuu akampelekea. Kisha akaketi, akanitazama, akasema: "Baba watoto, ile cherehani yangu leo umeinunua wewe."

Sikulala. Nilipiga hesabu, safari hii katika daftari. Kitanda cha yule binti, friji yake na jiko lake, miaka yake minne ya kudunduliza, vyote vilikuwa vimeingia mfukoni mwangu na mwa dalali katika asubuhi moja, na bado havikutosha. Asubuhi nilimrudishia kodi ya miezi mitano, nikamwambia atalipa kila mwisho wa mwezi. Sijisifu. Fedha zile nilikwisha kuzipangia bati, na nilizirudisha mkono ukitetemeka.

Wenye nyumba wenzangu wananicheka. Wananiambia kodi ya mwezi mmoja mmoja huletwa kwa chenga, na kwamba mpangaji atatoroka. Ni kweli, mmoja alinitoroka na kodi ya miezi miwili. Hasara hiyo niliibeba mimi, na nadhani ndiyo haki. Mimi nina nyumba. Kwa nini hofu yangu mwenye nyumba ibebwe na mtu asiye na hata godoro? Zamani palikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na mpangaji akabaki na huruma yetu. Basi hiyo huruma iko wapi?

Na ninyi mlio na kalamu ya kuhamisha watu, nawauliza vilevile. Kanuni za utumishi zinatamka kwamba mtumishi anayehamishwa agharimiwe yeye, familia yake na mizigo yake. Serikali yenyewe imeagiza zaidi ya mara moja kwamba asihamishwe mtu kabla fedha zake hazijatengwa. Mnapoandika barua leo na kulipa mwakani, msidhani mmeokoa fedha za umma. Mmezitoa katika kitanda cha mtu na katika cherehani ya mke wake.

Kwa hiyo naomba tuache kumhubiria anayehama abane matumizi, wakati sisi wenyewe tumembana koo. Mwajiri ampe fedha kabla ya barua kuanza kuhesabu siku. Mwenye nyumba apokee kodi ya mwezi. Dalali achukue ujira wa miguu yake, asichukue mwezi mzima wa jasho la mtu. Naye anayehama akatae kuandika kile kipande cha boksi mpaka amekaa chini na daftari, pamoja na mwenzake, akamsikiliza anapomwambia ni chuma kipi kinachowalisha.

Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya kwanza tumnyang'anye alilokuja nalo.