Umeme wa Jua Nchini Kanada: Kinachoamua Si Baridi

Wapo watu wengi, hata miongoni mwa wasomi, wanaoamini kwamba umeme wa jua ni mali ya nchi za joto peke yake. Kwa fikira zao, nchi ambayo ardhi yake hufunikwa na theluji kwa miezi mingi haina cha kutarajia kutoka kwa jua. Imani hiyo ni potofu, na mambo yaliyotokea nchini Kanada tangu mwaka 2009 yatosha kuikanusha. Yatosha pia kufundisha jambo jingine kubwa zaidi: kwamba maendeleo ya umeme huinuliwa au huangushwa na maamuzi ya watu kabla hali ya hewa haijatia neno.

Yafaa kwanza lielezwe jambo la kitaalamu. Paneli ya sola hufanya kazi kwa mwanga, wala haihitaji joto. Tena joto likizidi, uwezo wa paneli hupungua kidogo kwa kila digrii inayopanda, hivyo siku ya baridi yenye jua angavu ni siku njema kwa mtambo huo. Theluji iliyotanda chini huakisi mwanga na kuurudisha juu, ingawa ikilala juu ya paneli huuziba mpaka iteleze au ifagiliwe. Upungufu wa kweli wa nchi ya kaskazini ni ufupi wa mchana wakati wa baridi. Hata hivyo, nyanda za kusini za majimbo ya Alberta na Saskatchewan hupata jua zaidi kuliko Ujerumani, nchi iliyotangulia wengine kwa miaka mingi katika kazi hii.

Basi, ikiwa jua lilikuwapo siku zote, kwa nini umeme wake ulipanda, ukasimama, ukapanda tena, na kusimama tena? Jibu limo katika sheria na mikataba.

Jimbo la Ontario ndilo lililotangulia. Mwaka 2009 bunge la jimbo hilo lilipitisha Sheria ya Nishati ya Kijani, na chini ya mpango uliofuata, mwenye nyumba, mkulima au chama cha ushirika aliweza kuuza umeme wa jua kwa mkataba wa miaka 20. Bei ya umeme wa paneli ndogo za juu ya paa ilipangwa kuwa senti 80.2 za dola ya Kanada kwa kila uniti. Mwaka 2010 kituo cha Sarnia chenye uwezo wa megawati 80 kilikamilika, na wakati ule kilikuwa kikubwa kuliko vingine vyote vya aina yake duniani. Serikali ya jimbo iliweka pia sharti kwamba sehemu maalumu ya vifaa na kazi itoke ndani ya Ontario, ili viwanda vyake vipate soko na mafundi wake wapate ajira.

Mambo mawili yaliudhoofisha mpango huo. La kwanza ni bei yenyewe. Senti 80.2 zilikuwa mara kadhaa ya bei aliyolipa mtumiaji wa kawaida, na tofauti hiyo iliingia katika ankara za wananchi, akiwamo mpangaji ambaye hakuwa na paa lake mwenyewe. Bei ya paneli iliposhuka kwa kasi katika soko la dunia, serikali ilipunguza malipo ya mikataba mipya, lakini ile ya zamani iliendelea kama ilivyoandikwa. Manung'uniko yakaota mizizi.

La pili lilitoka nje. Japani na Umoja wa Ulaya zililishitaki sharti la vifaa vya ndani mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Mwezi Mei 2013 uamuzi wa rufaa ulithibitisha kwamba sharti hilo lilikiuka kanuni za shirika hilo, na Ontario ikalazimika kuliondoa. Uamuzi huo unastahili kusomwa kwa makini na kila afisa wa mipango katika nchi changa zilizo wanachama wa shirika hilo. Ikiwa jimbo tajiri la nchi tajiri lilizuiwa kuwapatia mafundi wake kazi kwa njia hiyo, nchi changa haina budi kutafuta njia nyingine iliyo imara zaidi kabla ya kutia sahihi mikataba yake.

Mwezi Juni 2018 wapiga kura wa Ontario walikiweka madarakani chama kingine. Mwezi uliofuata serikali mpya ilitangaza kufuta mikataba 758 ya nishati jadidifu, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya mwaka 2009 nayo ikafutwa. Kazi ya miaka tisa iliondolewa kwa miezi michache. Hapana shaka kwamba bei za mwanzo zilikuwa kubwa mno. Lakini kosa la bei husahihishwa kwa kupanga bei nyingine. Serikali inayovunja ahadi kwa jumla huwafundisha watu wasiiamini ahadi itakayofuata.

Baada ya hapo umeme wa jua ulihamia magharibi. Jimbo la Alberta, linalojulikana kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, lilipata kituo chake kikubwa cha kwanza karibu na mji wa Brooks mwaka 2017. Mwaka 2022 kituo cha Travers katika wilaya ya Vulcan kilikamilika kikiwa na uwezo wa megawati 465 na paneli zipatazo milioni 1.3. Wakati huo bei ya paneli ilikuwa imeshuka kiasi kwamba wenye mitaji walijenga bila kudai malipo kama yale ya Ontario.

Ghafla, tarehe 3 Agosti 2023, serikali ya Alberta ilisimamisha vibali vyote vya miradi mipya ya nishati jadidifu inayozidi megawati moja. Zuio hilo lilidumu hadi mwisho wa Februari 2024. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda mashamba yenye rutuba na kuhakikisha kwamba kampuni zitasafisha ardhi mitambo itakapochakaa. Hoja hiyo ni ya haki, na mkulima anayeiuliza hastahili kubezwa. Lakini katika jimbo hilo hilo vipo visima vya mafuta na gesi kwa maelfu vilivyotelekezwa na wenyewe, na mafuta hayakupata kusimamishwa kwa miezi saba ili swali hilo lijibiwe. Sheria inayombana mmoja na kumwachia mwingine kwa kosa lile lile hupoteza heshima yake machoni pa watu.

Haifai, kwa upande mwingine, kuficha mipaka ya umeme wa jua. Jioni ya tarehe 13 Januari 2024, wakati Alberta ilipokuwa katika baridi kali ya chini ya sifuri digrii 30 na zaidi, jua lilikuwa limekwisha kutua, upepo ulikuwa hafifu, na baadhi ya mitambo ya gesi ilikuwa imeharibika. Serikali iliwatumia wananchi ujumbe wa dharura kuwaomba wapunguze matumizi, na katika dakika chache matumizi yalishuka kwa takriban megawati 200. Gridi iliokoka. Mkono mmoja haulei mwana: umeme wa jua wahitaji maji, upepo, betri na nyaya za kuunganisha jimbo na jimbo. Na jioni ile wananchi wenyewe walikuwa sehemu ya mtambo.

Mfano bora kuliko yote haukutoka kwa wakubwa hao. Umetoka Old Crow, kijiji cha watu wapatao 250 wa taifa la asili la Vuntut Gwitchin, katika eneo la Yukon, kaskazini ya Mzingo wa Aktiki. Hakuna barabara iendayo huko. Katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa majuma kadhaa, na katikati ya kiangazi halitui. Kwa miaka mingi kijiji kilipata umeme kwa dizeli iliyoletwa kwa ndege. Mwaka 2021 paneli 2,160 zenye uwezo wa kilowati 940 zilianza kazi pamoja na betri. Zilikadiriwa kuokoa lita 189,000 za dizeli kila mwaka, na katika kiangazi jenereta zikaweza kunyamazishwa.

Serikali kuu ilichangia fedha za ujenzi, lakini mwenye mtambo ni serikali ya Vuntut Gwitchin, ambayo huiuzia kampuni ya umeme kwa mkataba wa miaka 25. Mapato hubaki kwa wenyeji. Kijiji kile hakikungoja bei ya ajabu wala mwekezaji wa mbali. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na watu wa Old Crow wameshona yao.

Mtumishi wa umma anayeandaa mpango wa umeme, na mwalimu anayewaeleza wanafunzi habari za nishati, wanayo hapa maswali manne ya kuulizia kila mradi. Nani ataumiliki? Nani atalipa, na je, anao uwezo? Nani atasafisha ardhi mwishoni? Na je, mkataba utasimama watawala wakibadilika? Ontario ilikosea katika swali la pili, kisha ikashindwa katika la nne. Alberta iliuliza la tatu kwa mradi mmoja na kumsamehe mwingine. Old Crow, penye giza kuliko kote, ndipo palipoanza na swali la kwanza, na ndipo mtambo ulipobaki mali ya watu wanaoutumia.