Kufuta Taa ya Injini Si Kutengeneza Gari

Leo nimeamka na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Leo hakuna PHP, hakuna simu mpya. Leo ni malalamiko juu ya ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini. Kama una gari la umri fulani hapa Kenya, taa hiyo unaijua kuliko unavyowajua majirani zako.

Yangu iliwaka mwezi wa pili. Gari ni la petroli, la mwaka 2006, lililoingia nchini kutoka Uingereza. Gereji ya kwanza, kijana alichomeka mashine, akabonyeza kitufe, taa ikazima. "Iko sawa sasa, mkubwa." Nikalipa shilingi 1,500, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Siku ya pili jioni taa ikarudi.

Gereji ya pili walisoma namba: P0171. Fundi hakufikiria hata nusu dakika. "Hiyo ni sensa ya oksijeni." Shilingi 8,500, sensa na kazi. Nilikaa siku tatu kwa amani, halafu taa ikarudi.

Gereji ya tatu nilimkuta mzee mmoja, mtu wa heshima zake, aliyeinama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna njia ya kumaliza maneno haya kabisa. Angefungua dashibodi akate waya wa taa. "Hutaiona tena maishani."

Hapo ndipo hasira ilipoanza. Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na hicho alichopendekeza mzee nakijua vizuri. Ni ule ujinga tunaofanya usiku wa manane tarehe ya mwisho ikikaribia: programu inatoa kosa, mtu analizungushia mtego usio na kitu ndani, kosa halionekani tena, kila mtu anakwenda kulala. Kosa bado lipo. Sasa limenyamazishwa tu.

Namba ile inasema nini hasa?

Mafundi wetu huiita "kodi", na nimekuja kuamini kwamba jina hilo limefaa kuliko wanavyodhani. Ni kodi kweli. Kila ikitokea, unatozwa.

Tuisome polepole. P maana yake ni injini na gia. 0 maana yake ni kwamba msimbo huu ni wa kawaida, uliokubaliwa na watengenezaji wote. Ingekuwa 1, ungekuwa wa mtengenezaji mwenyewe. 1 inayofuata ni kundi la mafuta na hewa. 71 ni kosa lenyewe. Ukiunganisha yote: kwenye upande wa kwanza wa injini, hewa ni nyingi mno au mafuta ni machache mno. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa "nunua sensa".

Na sasa jiulize, kompyuta ya injini ilijuaje kwamba hewa imezidi? Iliambiwa na hiyo hiyo sensa ya oksijeni! Sensa inakaa kwenye ekzosi, inanusa moshi, inapeleka habari. Ilikuwa inafanya kazi yake. Fundi akaing'oa akaitupa. Ni sawa na kumfukuza mlinzi kazi kwa sababu amepiga kelele kwamba mwizi ameingia.

Hewa inaweza kuzidi kwa njia nyingi. Mpira umepasuka na unavuta hewa ambayo haikupimwa. Sensa ya kupima hewa imeshika vumbi, na kwa barabara zetu hilo si ajabu. Pampu ya petroli imechoka. Injekta zimeziba. Ekzosi imetoboka kabla ya sensa. Hao ni washukiwa watano, na msimbo hauwatofautishi. Msimbo ni ushahidi, hukumu haijatolewa. Anayetoka kwenye P0171 moja kwa moja hadi "badilisha sensa" amehukumu bila kusikiliza kesi.

Jinsi nilivyompata mwizi

Nilinunua kile kidude cha Bluetooth cha ELM327, nikakichomeka chini ya usukani, nikafungua programu kwenye simu. Tahadhari kwa wapenda vidude: chipu ya asili ilitengenezwa na kampuni ya Kanada, Elm Electronics, iliyofunga milango mwaka 2022. Vingi vilivyoko sokoni ni nakala, na baadhi havielewi amri zote. Tahadhari ya pili: magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ile ile ya pini 16, lakini kompyuta yake inazungumza lugha ya mtengenezaji. Unachomeka, hupati jibu. Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja kwa magari madogo ya kuanzia 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Langu kwa bahati lilitoka upande huo.

Sikuangalia msimbo tena. Nilitafuta kile ambacho gereji zote tatu hazikukiangalia: marekebisho ya mafuta. Petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue vizuri. Sensa ikisema hewa imezidi, kompyuta huongeza mafuta, na huandika kwa asilimia imeongeza kiasi gani. Gari zima hucheza karibu na sifuri, juu au chini kidogo. Likipita asilimia 10, anza kuuliza maswali.

Langu, likiwa limesimama na injini inanguruma bila kukanyagwa, lilisoma asilimia 22. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nikasubiri. Ikashuka mpaka 6.

Hapo jibu limeshatoka, jamani. Tundu dogo linalovuta hewa ya wizi lina athari kubwa injini ikiwa imetulia, maana hewa halali ni kidogo. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Ingekuwa pampu imechoka, mambo yangekuwa kinyume: namba ingepanda kadiri injini inavyodai mafuta zaidi.

Nikachukua koleo, nikafunga kitambaa kwenye meno yake, nikaanza kubana mipira midogo ya hewa mmoja mmoja huku macho yako kwenye simu. Mpira wa nne, ule unaovuta mvuke kutoka kwenye oili na kuurudisha kwenye injini, nilipoubana tu namba ikaanza kuteremka. Nikauchomoa, nikaukunja. Ulikuwa na ufa kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Kirinyaga Road, shilingi 700. Nimeweka mwenyewe kwa bisibisi.

Kwa nini wanaofuta huonekana mabingwa

Hili ndilo jambo ninalotaka kila mwenye gari alijue. Kwa makosa mengi ya moshi na mafuta, kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Inaona kosa, inaliweka akiba, inasubiri safari nyingine. Likijirudia ndipo inawasha. Kwa hivyo ukifuta leo, taa haitarudi ukiwa bado getini kwa fundi. Itarudi kesho kutwa, wakati pesa zimeshaliwa. Huo si utabibu. Ni mwanya wa muda tu, na kuna watu wanaishi ndani yake.

Tena kufuta kunaharibu ushahidi. Msimbo unapowekwa, kompyuta hupiga kama picha ya wakati ule: mwendo ulikuwa kiasi gani, joto la injini, mizunguko, mzigo. Kitufe cha kufuta kinachoma na picha hiyo. Kwenye kazi yangu, mtu akifuta logi kabla ya kuisoma tunamwita kando. Kwenye gereji tunamlipa.

Na ukitengeneza kweli? Huhitaji mtu wa kukufutia. Kompyuta ikimaliza safari tatu mfululizo bila kuliona kosa, inazima taa yenyewe. Yangu iliniaga asubuhi moja kabla sijafika kazini, bila mashine ya mtu yeyote.

Hasara ya jirani yangu

Mtaniambia shilingi elfu kumi si mwisho wa dunia. Sawa. Sikilizeni ya jirani yangu, anayeendesha teksi za kuitwa kwa simu, gari la mkopo, watoto wawili shuleni. Yeye taa yake ilikuwa inapepesa. Hakuna aliyemwambia kwamba taa iliyotulia na taa inayopepesa ni lugha mbili tofauti. Inayopepesa inasema: silinda inakosa kuwasha, petroli mbichi inatoka kwenda kwenye ekzosi, punguza mwendo sasa hivi.

Walimfutia. Ikarudi. Wakamfutia tena. Ile petroli mbichi ikawa inaungulia ndani ya kataliti, lile dude la kusafisha moshi, mpaka matundu yake yakayeyuka na kuziba. Gari likakosa pumzi, likawa halipandi kilima na abiria watatu. Kilichokuwa kimekufa mwanzoni ni koili moja. Wiki mbili alikaa nyumbani bila kazi, na mkopo haukukaa nyumbani pamoja naye.

Dawa aliyopewa? Walitoboa kataliti ikawa bomba tupu, kisha wakaiongezea sensa ya nyuma kipande cha chuma ili ikae mbali na moshi na isiseme kitu. Ndiyo, kuna watu wanafanya hivyo na kuita ufundi. Ni kama mtahini anayebadilisha maswali ili mwanafunzi afaulu. Nchi yetu iliacha petroli yenye risasi, kama sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kufikia mwanzoni mwa 2006, na sababu mojawapo ni kwamba risasi huua kataliti. Leo tunazitoboa wenyewe, kisha tunakohoa kwenye foleni ya Jogoo Road na kushangaa.

Sasa tujitazame

Najua mafundi watanijibu, na jibu lao lina ukweli. Nimemuuliza mmoja ninayemheshimu kwa nini hafanyi vipimo. Akacheka. "Nikimwambia mteja elfu mbili za kuchunguza, ananiuliza, sasa umefanya nini? Nikimpa sensa mkononi, analipa elfu nane na kushukuru."

Hapo nilinyamaza, maana nimewahi kuwa fundi huyo. Mteja anakataa kulipa siku mbili za kutafuta kosa kwenye programu yake, lakini ukimwambia unaandika upya yote anatoa pesa bila neno. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Halafu tunalia kwamba tumeuziwa chuma.

Na tatizo halitaisha lenyewe. Sheria yetu inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo mengi yanafika karibu na umri huo, kisha yanaishi nasi miaka kumi, kumi na tano mingine. Mpira uliopikwa na joto la injini miaka yote hiyo lazima upasuke. Taa hizi zitawaka, mtake msitake. Swali ni kama tutazisikiliza.

Kwa hivyo nadai mambo manne, na nadai kwenu wenye magari kabla sijadai kwa mafundi:

1. Mtu asifute kitu kabla hujaandika msimbo na ile picha ya wakati wa kosa. Piga picha kwa simu, ni bure.

2. Ukiambiwa "ni sensa", uliza swali moja: kipimo gani kimeonyesha hivyo? Fundi wa kweli atafurahi kujibu. Mwingine atakasirika, nawe utakuwa umejua uko wapi.

3. Lipia uchunguzi, hata kama hakuna kilichobadilishwa. Fundi aliyekwambia usinunue kitu cha elfu nane amekuokolea elfu nane.

4. Taa ikipepesa, acha kukanyaga. Ya kufika nyumbani yatazungumzwa baadaye.

Mzee wa gereji ya tatu hakuwa mtu mbaya. Alitaka kunipunguzia kero, na alijua kwamba wateja wengi wanachotaka ni kutoiona taa. Kwa hilo alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo sababu sisi ndio tuliomfundisha kubeba koleo la kukatia waya badala ya kipimo.

Mpira wangu uliopasuka nimeutundika juu ya kompyuta kazini. Kila nikishawishika kulinyamazisha kosa nisilolielewa, nautazama.

Haya, nimemaliza. Nendeni mkasome logi zenu.