Hadithi ya Pili Haizaliwi na Orodha

Wako waalimu wenzangu, na baadhi ya wapiga chapa wako pamoja nao, washikao neno moja kana kwamba ni sheria iliyochongwa katika jiwe. Husema ya kuwa mtu atakaye kutunga hadithi, na zaidi sana hadithi ya pili ifuatayo ile ya kwanza, hana ruhusa kuandika hata mstari mmoja mpaka amekwisha kuwaorodhesha watu wake wote, na tabia zao, na safari zao, na mwisho wao. Asiye na orodha hiyo humwita mvivu, na karatasi zake zilizojaa maneno yaliyofutwa huziita takataka. Neno hilo ni la uongo, tena lina madhara, nami nataka kulipinga hapa barazani mbele ya watu wote.

Sisemi juu ya insha ya mtihani. Mtoto aliyepewa saa moja hana budi kujua atakapoanzia na atakapokoma, ama sivyo kengele itamkuta njiani. Nasema juu ya hadithi za ajabu, zile zenye majoka na wachawi na nchi zisizo katika ramani, ambazo mtunzi wake hana pa kuchungulia ila moyoni mwake. Katika kazi hiyo kupapasa si uvivu. Ndiyo kazi yenyewe.

Ushahidi wangu ni mtu mmoja tu, lakini anatosha. Ni John Ronald Reuel Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza, akawa mwalimu wa Kiingereza cha kale katika chuo kikuu cha Oxford. Nimemchagua kwa kuwa alikuwa mwalimu kama sisi, msahihishaji wa mitihani, wala hakuna awezaye kumwita mzembe wa elimu. Tena karatasi zake za kujaribia zimesalia, na mwanawe Christopher alizitia chapani baada ya kufa kwake, hata leo twaweza kuona jinsi mawazo yake yalivyokwenda na kurudi. Watunzi walioachwa wazi namna hii ni wachache.

Mwezi wa Septemba 1937 kilitoka kitabu chake kiitwacho The Hobbit. Humo mna habari za Bilbo, kijitu mwenye manyoya miguuni, apendaye chakula na raha, ambaye mchawi Gandalf alimtoa nyumbani kwake aende pamoja na mbilikimo kumi na watatu kutwaa hazina iliyolaliwa na joka. Njiani aliokota pete, aivaaye haonekani. Nakala 1,500 za kwanza zilikwisha kabla ya mwaka kwisha, na mpiga chapa, Stanley Unwin, akataka kitabu kingine cha watu hao hao. Tolkien alimpa kwanza masimulizi ya zamani za kale, ambayo alikuwa akiyatunga tangu ujana wake. Yakarudishwa. Watu walitaka Hobbit, si kingine.

Hapo ndipo shida ilipoanza, nao wenye kupenda orodha na wanieleze wangaliandika nini. Joka limekufa. Hazina imegawanywa. Bilbo, tumeambiwa katika kitabu cha kwanza, aliishi kwa furaha mpaka mwisho wa siku zake. Na mtu mwenye furaha mpaka mwisho wa siku zake hana hadithi. Tolkien mwenyewe alimwandikia mpiga chapa kwamba vitu vyake vizuri alikwisha kuvimaliza katika kitabu cha kwanza, ambacho hakikukusudiwa kuwa na ndugu. Walakini katika Desemba ya mwaka ule ule alipeleka habari kwamba sura ya kwanza iko tayari: karamu ya siku ya kuzaliwa. Orodha yake ilikuwa wapi? Hakuwa nayo. Alikuwa na karamu tu.

Katika jaribio la kwanza mwenye karamu alikuwa Bilbo, umri wake miaka 70, naye alitoweka machoni pa wageni akaenda zake. Kwa nini aende? Mtunzi hakujua bado. Alijaribu kusema fedha zimemwishia. Akajaribu kusema ataka kuoa. Kisha akamwondoa Bilbo, akamtia mwanawe aitwaye Bingo. Kisha Bingo akawa si mwana, bali jamaa aliyelelewa. Jina lile lilitoka kwa wanyama wa kuchezea wa watoto wa Tolkien, nalo ni jina la mzaha, halimfai mtu atakayebeba mzigo wa dunia nzima. Hata hivyo alilichukua sura baada ya sura kabla ya kulifuta na kuandika Frodo. Nafikiri juu ya wino mwekundu wa wenzangu, ungalimwagika kiasi gani katika sura hizo!

Siku moja aliandika kwamba wale vijitu, wakiwa njiani, walisikia kwato za farasi nyuma yao, wakajificha. Na mpanda farasi alipofika alikuwa ni Gandalf, rafiki yao, amejifunika nguo. Hakwenda mbali akaifuta habari hiyo. Mpanda farasi akabaki, farasi akabaki, lakini aliyekuwa ndani ya joho akawa kiumbe wa kutisha anusaye hewa akiwatafuta. Basi wale Wapanda Farasi Weusi, ambao ndio hofu yote ya mwanzo wa kitabu, walizaliwa kwa kufuta. Mwenye kuniambia kwamba wangaliweza kutokea katika orodha iliyoandikwa wiki moja mbele, na anionyeshe walipoandikwa.

Tena katika nyumba ya wageni ya kijiji cha Bree alitokea kijitu aliyechomwa na jua, avaaye viatu vya mti, jina lake Trotter. Alikuwa ameketi pembeni, na mtunzi hakujua ni nani. Aliuliza katika karatasi zake: je, huyu ni Bilbo aliyejigeuza? Je, ni jamaa aliyepotea zamani? Aliyajaribu majibu hayo, akayatupa, hata mwisho yule mwenye viatu vya mti akawa Aragorn, mtu mrefu, mrithi wa ufalme. Treebeard naye, mchunga miti apendwaye na wasomaji wengi, alianza kama jitu baya lililomfunga Gandalf. Na walipofika wasafiri penye kaburi la Balin, katika machimbo ya Moria, kalamu ilisimama. Kwa maneno ya Tolkien mwenyewe ilisimama karibu mwaka mzima. Ilikuwa wakati wa vita, karatasi ni haba, naye alikuwa akiandika nyuma ya karatasi za mitihani.

Watu wakisikia haya hunijibu upesi: "Basi huyo alikuwa akibahatisha tu." La, hakubahatisha. Kati ya maandiko yake ya mwanzo limo wazo moja fupi, kwamba kurudi kwa pete ndiko kuwe chanzo cha mambo. Wasomaji na walitazame sana wazo hili. Katika kitabu cha kwanza pete ilikuwa kitu kidogo cha kumsaidia Bilbo kujificha, nasi tuliipokea bila kuuliza. Mtunzi ndiye aliyeuliza. Pete hii ni ya nani? Ilitengenezwa kwa kusudi gani? Aliyeipoteza, je, haitafuti? Kitabu cha kwanza kilikuwa na deni, wala hapakuwa na mtu ajuaye, hata mwenye kitabu; na kitabu cha pili, The Lord of the Rings, ni kulipa deni hilo. Orodha haiwezi kufanya hivi, kwa kuwa katika orodha mtu huandika yale ayajuayo tayari. Deni lisilojulikana huonekana kwa kupekua, na wahenga walikwisha kusema ya kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kulipa huko kulikuwa na gharama. Katika kitabu cha 1937 kiumbe Gollum, akaaye gizani chini ya milima, alishindana na Bilbo kwa vitendawili, na ahadi yake ilikuwa kumpa pete kama zawadi. Aliposhindwa alikwenda kuichukua kwa nia njema, asiione, akaomba radhi, akamwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Lakini pete ilipokwisha kujulikana kuwa yenye kuula moyo wa mtu, haikuwezekana tena kiumbe aliyekaa nayo miaka mingi aitoe kwa hiari. Mwaka 1947 Tolkien alimpelekea mpiga chapa sura ile ameiandika upya, na katika toleo la 1951 Gollum hatoi zawadi yo yote, bali amlaani Bilbo kuwa mwizi. Na ile habari ya kwanza hakuifukia: alisema ndivyo Bilbo alivyodanganya wenzake hapo mwanzo, kwa kuwa pete ilikwisha kuanza kumharibu. Kosa la mtunzi likawa uongo wa mtu wa hadithi! Mimi nasema hakuna jambo la akili kupita hilo katika vitabu vyote viwili, wala hapakuwa na mpango uliolitazamia.

Wako wasemao, Nahodha haondoki bandarini asijue aendako. Ni kweli, lakini mfano huo hausemi wanalotaka useme. Tolkien alijua mapema kwamba pete yapasa kuangamizwa katika mlima wa moto. Hakujua mawimbi ya katikati. Wala hakudharau hesabu. Mwaka 1944, alipokuwa akimpelekea Christopher sura kwa sura huko Afrika Kusini alikokuwa akijifunza urubani, aliona kwamba mwezi wa angani katika hadithi yake ulikuwa ukifanya yasiyowezekana, akarudi kuandika upya mpaka usiku wa watu hawa ukapatana na usiku wa wale. Mpangilio ulikuja, na ulikuwa mkali. Lakini ulikuja baada ya kuwapo kitu cha kupangwa.

Sasa nije kwetu. Lugha yetu haikosi nchi za kubuniwa. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, na Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990, kisha Mzingile mwaka 1991. Wako vijana watakao kufuata njia hiyo. Nilionyeshwa daftari la msichana mmoja aliyetunga kisa cha kisima kinenacho, akapenda kukiendeleza. Alikuwa amejaza kurasa nne za maswali: kama kisima kimenyamaza, ni nani aliyekinyamazisha? Kama kilisema uongo siku ile ya kwanza? Chini yake mwalimu wake alikuwa ameandika, "Acha kuchezea karatasi. Leta mpango." Swali lile la pili lilikuwa kitabu kizima, nalo lilipigwa mstari mwekundu.

Wapiga chapa nao wana lao. Hadithi ikiuzwa, humwambia mtunzi alete sehemu ya pili kabla ya masika, yenye watu wale wale na joka lingine. Tolkien aliombwa hivyo hivyo mwaka 1937, akamaliza kuandika mwaka 1949, na vitabu vyake vitatu vikatoka mwaka 1954 na 1955. Angalitii haraka ile, tungalikuwa na joka la pili, na leo hapana ambaye angalilikumbuka jina lake.

Na kupapasa kuna faida nyingine, ambayo wenye orodha hawaitaji kamwe: humjulisha mtu pa kuacha. Baada ya vitabu hivyo Tolkien alianza hadithi nyingine ya kufuatia, The New Shadow, habari za watu waliochoshwa na amani yapata miaka mia baada ya vita. Alikuwa na njama tayari, na vijana waasi, na siri ya kugunduliwa. Aliandika kurasa chache, akaona itakuwa hadithi ya kusisimua tu, haina la zaidi, akaiacha. Mtu mwenye orodha angaliimaliza.

Karatasi za The Lord of the Rings, pamoja na kufutwa kwake kote, zilinunuliwa mwaka 1957 na chuo kikuu cha Marquette, katika mji wa Milwaukee, Marekani, kwa paundi 1,500, nazo zikawekwa huko watu wazisome. Wenzangu wasioridhika na maneno haya na wayajibu katika gazeti hili hili. Ila mwenye kujibu na ataje hadithi ya ajabu ya pili iliyozidi ile ya kwanza, na orodha ambayo mtunzi wake aliifuata mpaka mwisho pasipo kufuta jina hata moja.