Acheni kuwapima watu kama wanakwenda kurekodi Kinshasa

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Leo nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni kipaji.

Neno hili zamani lilikuwa zuri. Siku hizi limekuwa kama kizuizi cha barabarani, kila mtu anasimamishwa aonyeshe karatasi zake. Kwaya kadhaa za hapa kwetu, sizitaji majina, zimeleta desturi ya kupima sauti kabla ya kumpokea mtu. Unasimama mbele ya kamati, kijana anabonyeza sinte, unaimba ubeti mmoja au miwili, halafu watu watatu wanatazamana. Mama mmoja aliyekimbia na watoto kutoka upande wa Eringeti alisimamishwa hivyo. Kijijini alikuwa akiimba sauti ya pili miaka mingi, tangu hajaolewa. Wakamjibu kwa heshima sana: mama, sauti yako ni ya kawaida, utatusaidia kwa maombi.

Ya kawaida! Basi niulize: ni nani alisema kwaya ni ya watu wasio wa kawaida? Kanisa zima limejaa watu wa kawaida. Mchungaji mwenyewe anahubiri kwa kiasi cha kawaida, nasi tunamsikiliza mpaka mwisho. Fundi aliyeezeka mabati yale ni fundi wa kawaida, mvua haiingii, imetosha. Ni sauti ya mama tu ndiyo inayodaiwa iwe ya ajabu.

Najua ugonjwa huu umetoka wapi. Umetoka kwenye simu. Kijana wa Bungulu au wa Kimemi anaamka asubuhi, kabla hajanawa uso amekwisha kuona klipu tano za wanamuziki wa Kinshasa, wa Lagos, wa Marekani, wamepambwa, sauti zao zimesafishwa kwa mashine. Kisha anachukua gitari yake, anapiga akodi tatu, anaona aibu, anaitundika ukutani. Zamani alijilinganisha na mjomba wake. Mjomba alikuwa anapiga vizuri kidogo kuliko yeye, kwa hiyo kulikuwa na njia ya kumfikia. Leo analinganishwa na dunia nzima, na dunia nzima haifikiki kwa miguu.

Watanijibu: lakini nchi yetu ni nchi ya muziki, rumba yetu imeandikwa na UNESCO mwezi wa Desemba 2021 kuwa urithi wa binadamu, tusiishushe. Vema. Lakini rumba hiyo ilitoka wapi? Haikushuka mbinguni ikiwa na koti na viatu vya kung'aa. Ilikuzwa na makarani, mafundi, mabaharia wa mto, watu wa baa na wa sherehe, wengi wao wakipiga jioni baada ya kazi. Tunamtaja Franco Luambo, na tunapenda kusimulia kwamba alianza utotoni na gitari aliyojitengenezea mwenyewe, akipiga sokoni karibu na meza ya mama yake aliyekuwa akiuza mikate. Kweli. Lakini ulizeni vijana wenu: aliyemwonyesha Franco mambo ya kwanza ya gitari alikuwa nani? Aliitwa Ebengo Dewayon. Wachache wanamjua. Hakufikia ukubwa wa mwanafunzi wake. Je, angeambiwa aache kupiga kwa sababu si yeye atakayekuwa mkubwa, tungempata huyo mkubwa wapi?

Wala siwatetei watu wa kati kwa sababu kati yao atatokea Franco. Hiyo ndiyo hoja ya mashirika, nami siipendi. Mashirika yanakuja hapa na mradi wa kutambua vipaji vya vijana waliohama. Wanaleta bafle, wanaleta fulana, wanaandika majina. Vijana arobaini wanaimba mchana kutwa. Jioni mmoja anapewa gitari na kupigwa picha, thelathini na tisa wanarudi kwenye vyumba vya kupanga wakiwa wameambiwa mbele ya watu kwamba wao si kitu. Walikuja wanaimba, wanarudi wamenyamaza. Mradi unaandika katika ripoti kwamba umefaulu. Mimi nasema mradi huo umezima moto thelathini na tisa ili kuwasha taa moja, na taa yenyewe mafuta yake yanaisha siku wafadhili wanapokwenda.

Sasa twende kwenye msitu wetu hapa karibu, maana si lazima kila mfano utoke Kinshasa. Wambuti wa Ituri wana muziki wa filimbi ambao kila filimbi hutoa sauti moja tu. Moja. Mtu mmoja akipiga peke yake, utadhani anamwita mbwa. Lakini wakikaa pamoja, kila mmoja akaingiza sauti yake mahali pake, wimbo unatembea kutoka mkono hadi mkono, na wewe msikilizaji hujui unaanzia wapi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mtu wa mashine za kurekodi, alipita kando ya msitu huu akachukua muziki wa Wambuti na wa Wanande, na kazi yake inasikilizwa mpaka leo ng'ambo. Fikirini kamati ya kupima vipaji ikimwita mpigaji wa filimbi mmoja mmoja chumbani! Wote wangeshindwa. Hakuna hata mmoja mwenye wimbo, kila mmoja ana sauti moja. Wimbo uko kati yao.

Na kwa wale ambao bila Kinshasa hawaamini, nawapa Kinshasa. Orkestra ya wafuasi wa Kimbangu, ile ya Armand Diangienda, ilianza mwaka 1994. Watu wengi waliojiunga hawakujua violini hata inashikwaje. Vyombo vilikuwa vichache, wakagawana kwa zamu. Kamba zikikatika walitafuta waya wa breki za baiskeli. Mchana walikuwa wanauza sokoni, wanashona, wanatengeneza umeme, jioni wanakwenda mazoezi. Leo orkestra hiyo imepigia watu Ulaya. Lakini kabla ya Ulaya kulikuwa na miaka mingi ya kupiga vibaya pamoja, na hakuna aliyefukuzwa kwa sababu hiyo. Waya wa breki hata hapa tunaujua. Gitari ngapi za Mulekera na za Vulamba zinaimba kwa waya huo?

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Ni hii vita.

Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni. Tumezika, tumekimbia, tumerudi, tumekimbia tena. Katikati ya hayo ikaja Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 pale Mangina, ikaondoka na watu zaidi ya 2,200 katika sehemu zetu na Ituri kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Na kabla haijaisha, Machi 2020 makanisa yakafungwa kwa sababu ya Korona. Mei 2021 tukawekwa chini ya watawala wa kijeshi. Juni 2024 M23 wakaingia Kanyabayonga, watu wakamiminika upande wa Lubero na Butembo. Sasa mtu ahesabu, si watu peke yao, ahesabu na kwaya. Kijiji kilikuwa na kwaya ya watu ishirini. Besi wawili hawapo tena duniani. Mpiga ngoma yuko Butembo anabeba mizigo. Sauti ya kwanza wamegawanyika, wengine Oicha, wengine Beni, mmoja amevuka Kasindi yuko Uganda. Mwongozaji wa kwaya, aliyekuwa na daftari la nyimbo, hajulikani aliko. Kwaya hiyo haikuandikwa katika orodha yoyote ya hasara. Orodha zina nyumba zilizochomwa, mbuzi, magunia ya kakao.

Kama nyimbo za kijiji kile zingekuwa kwa yule mwimbaji bora peke yake, panga moja lingezimaliza zote usiku mmoja. Hazikuisha kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wanazijua kwa kiasi cha kawaida. Yule mama wa sauti ya pili hawezi kuimba peke yake watu wakalia. Lakini anajua sauti ya pili ya nyimbo nyingi ambazo hazijaandikwa popote, anajua mahali pa kusubiri, mahali pa kujibu. Kamati ilitafuta kipaji, ikafungia nje ghala.

Nimekwenda matanga mengi katika kazi hii, zaidi ya ninavyotaka. Hapo ndipo mtu anajua thamani ya mpigaji wa kati. Kwenye matanga ya mtu mwenye pesa inaletwa sinte na jenereta, na kijana anayelipwa. Anapiga vizuri mno, anaangalia saa, analipwa, anakwenda. Kwenye matanga ya mkimbizi hakuna jenereta. Kuna jirani anayejua gitari ya kusindikiza, akodi nne, na moja kati ya hizo anaikosea kila mara. Huyo anakaa mpaka asubuhi. Watu wanaimba juu ya kosa lake wanalifunika. Niambieni nani kati ya hao wawili ni mwanamuziki wa mtaa wetu.

Kuna wanaosema: basi unataka tumwimbie Mungu vibaya? Hapana, papa. Kuwa mtu wa kati si kuwa mvivu. Mtu wa kati anafunga kamba za gitari yake zilingane kabla ya kuanza. Anajua maneno bila kutazama mdomo wa jirani. Anafika mazoezini kwa saa, kwa sababu anajua giza likishika njia si salama na watu lazima warudi nyumbani. Hapigi kelele kumfunika mwenzake. Haya yote hayataki kipaji, yanataka adabu. Ninao mashahidi wengi wa waimbaji wenye sauti za malaika wanaofika ibada imefika nusu, wanataka mikro, wakinyimwa wanahamia kanisa lingine. Mwenye kufukuzwa angekuwa huyo, lakini huyo ndiye anayebembelezwa kwa soda.

Wengine wanasema kwamba muziki lazima ulete pesa, maana vijana wana njaa. Njaa ipo, sibishi. Lakini wanaoishi kwa muziki katika Butembo na Beni wanahesabika kwa vidole, na hao nao wana duka au pikipiki pembeni. Kumwambia kijana aliyepoteza shamba la baba yake kwamba gitari itamlisha ni kumdanganya mara ya pili. Mwambieni ukweli: kazi yako itakuwa motari, au ufundi, au kulima siku tukirudi, gitari ni ya jioni. Akijua hivyo hataitundika ukutani siku anapogundua kwamba hatakuwa nyota. Ataendelea kupiga akiwa na miaka hamsini, na watoto wake watajifunza kwa kumtazama, kama sisi tulivyotazama wajomba.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kitabu cha nyimbo nacho ni jembe. Jamaa wengi waliohama wanaishi ndani ya familia za watu, wanakula kwa watu, wanaoga kwa zamu, kila siku wanasema asante. Mtu anachoka kusema asante. Anatafuta mahali ambapo yeye pia anatoa kitu. Akiingia katika mstari wa kwaya, kwa saa mbili haitwi mkimbizi, anaitwa sauti ya pili. Ukimfukuza hapo kwa sababu ya noti iliyoteleza, umemrudisha kwenye foleni ya kupokea.

Kwa hiyo ninadai mambo haya, na kamati za kwaya zinisikie. Kupima sauti kuwe kwa kujua mtu akae wapi, si kwa kujua kama anaingia. Asiyesikia noti vizuri akae karibu na anayesikia; mazoezi manne matano mtaona tofauti. Pesa za kumleta mpigaji wa kulipwa kila Jumapili, toeni sehemu yake mnunue kamba za gitari na ngozi ya ngoma, mwaweke vijana wawili wa hapa wajifunze, hata kama miezi ya kwanza masikio yatatuuma. Na kabla ya mazoezi ya Noeli, waiteni wale waliotoka Mbau, Kamango, Mangina, Eringeti, Kanyabayonga, mwaulize kila mmoja wimbo mmoja wa kwao. Awepo mtu mwenye daftari na mwenye simu ya kurekodi. Anzeni na wazee, hao hawana muda mrefu, na wengine wao sauti imekwisha kupasuka. Waacheni waimbe hivyo hivyo.