Kuufuata Mto kwa Miguu na Baiskeli

Spring Valley, upande wa magharibi wa Nairobi, ni nchi ya mabonde, na vijito vyake huteremka kutoka pande za Kabete na Limuru. Maji hayo mwishowe huingia katika Mto Nairobi, kisha Athi, ambao huko chini huitwa Galana na Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mtu asimamaye darajani wakati wa kiangazi, akaona maji yasiyopita kifundo cha mguu, hawezi kudhani kuwa yana safari ndefu namna hiyo, wala kwamba yaweza kumwua.

Hilo la kuua ndilo la kuangaliwa sana. Mvua huweza kunyesha Limuru hali jua linawaka Spring Valley. Zamani nyasi na udongo viliyanywa maji mengi njiani. Siku hizi mapaa na lami hayanywi kitu, na mto hufura upesi mno. Dalili zake ni maji kugeuka rangi ya udongo, vijiti na takataka kuelea, na mvumo usikikao kutoka juu. Aonaye hata moja tu na apande ukingoni mara hiyo, wala asirudie viatu vyake. Mwezi wa Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku ukaingia nyumbani mwa watu. Na katika gharika za majira yale watu zaidi ya 200 walikufa katika Kenya.

Kijana hodari wa kuogelea naye asijidanganye. Maji ya magotini yaendayo kasi humwangusha mtu mzima, maana mawe ya chini huteleza. Pasipoonekana chini pasivukwe. Mwenye baiskeli na azunguke mpaka darajani, hata ikiwa ni mwendo wa nusu saa. Ama mashua, haina kazi huku: maji ni haba na mawe ni tele.

Mahali pema pa kuanzia ni Msitu wa Karura, uliotengwa na Serikali mwaka 1932. Una hekta zaidi ya 1,000, na mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni pake walipokwenda kupanda miti ili usigawiwe wajenzi. Leo zimo njia za miguu na za baiskeli, tena yako maporomoko ya maji yenye kimo cha kama mita 15. Mawe ya pale huwa na ukungu wa kijani. Picha ipigwe kutoka njiani.

Maji yenyewe yasinywewe, hata yakionekana safi, kwa kuwa uchafu wa vyoo huingia mitoni. Mwenye kidonda mguuni asiyakanyage, kwani mkojo wa panya huleta homa mbaya kwa njia hiyo. Akiisha kutoka, aoge kwa sabuni. Na homa ikimshika katika majuma yafuatayo, amwambie daktari kwamba alikuwa mtoni.